Makofi Nyuma ya Ndaya

Watoto walipomaliza wimbo wa chama, mjumbe wake aliyevaa abakosti, suti isiyo na tai, bado alikuwa mlangoni, akiwaangalia vidole.

"Mama mwalimu, hizi alama za mikono njo nini? Nani aliwafundisha?"

"Njo muchezo tu, baba."

Hakuniamini. Watoto thelathini wa miaka mitano, wa watu wa reli kutoka Kasai na wa wakulima wa Kailo, Wakristo kwa Waislamu, wanaimba kwa vidole kama kundi la siri! Hapa Kindu watu wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikaa kwenye mkeka wa pili: Ndaya, asiyesikia tangu kuzaliwa. Kwa ajili yake sote tulijifunza vidole. Lakini mkubwa wa shule alikwisha kuandika kwamba watoto wa namna hiyo wabaki nyumbani.

Mjumbe alikunja uso. "Ao iko mutoto hasikii humu?"

Niliinua mkono, kiganja wazi. Darasani mwangu maana yake ni moja: nitazameni mimi tu.

Akapita nyuma ya mikeka, akainama, akapiga kofi moja kubwa karibu kabisa na sikio la Ndaya. Njiwa waliruka kutoka kwenye mabati.

Ndaya hakugeuka.

Hakuna mtoto aliyegeuka.

Akapiga tena, kwa hasira. Macho yote yalibaki kwenye kiganja changu. Jasho lilinitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Sasa, njo yupi?" aliuliza.

 Sikuushusha mkono.