Nyumba Niliyoiruka

Chama chetu cha kujitolea kilikuwa kinapanga kazi za mwaka ujao. Mimi, mwenyekiti, nilichora mtaa mzima ubaoni, nikazungushia duara kila nyumba yenye mtu anayeishi peke yake, ili tujue wa kuwatembelea.

“Umeruka moja, kaka,” mweka hazina akasema taratibu.

“Ipi?”

Wote wakainamia viatu vyao.

Nikageukia ubao. Nyumba ya kona nilikuwa nimeichora vizuri kuliko zote, hadi kamba ya kuanikia nguo. Tangu mama watoto afariki, huanikwa hapo mashati yangu tu.

Chaki ikanikatikia mkononi. Nikaokota kipande, nikaizungushia duara nyumba hiyo.

“Haya,” nikasema, bado nimewapa mgongo. “Mnakuja lini?”