Mstari Usiotulia

Maji yakimwagika huzoleka, ukiwahi. Kidawa aliyazoa kwa pamba: jasho la mwisho kwenye paji la uso la mama yake, kabla ya waosha maiti kuingia. Akaifungia pamba kwenye kichupa.

Siku aliyorudi maabara baada ya matanga, aliikamua juu ya transista laini, ile ya plastiki inayokunywa chumvi na kubadilisha umeme unaopita ndani yake. Kazi ya Kidawa ilikuwa kuiandikia hesabu za kuitabiri, ili wasanifu wa saketi wajue tabia yake kabla ya kuitumia. Hesabu zilisema mstari kwenye kioo cha kompyuta utapanda, kisha utatulia.

Mstari ulipanda. Haukutulia. Ulidunda, ukapumzika, ukadunda tena.

"Ni waya huo unaoleta kelele, mdogo wangu," alisema Shekuwe, mkuu wake. "Suuza, utie maji yetu ya chumvi. Wasanifu wanazitaka hesabu leo."

"Waya nimeshauchomoa, kaka."

Shekuwe aliufuata waya kwa macho mpaka kwenye ncha yake, iliyolala mezani peke yake. Akashusha sauti. "Umetia nini humu?"

Kidawa akamwambia.

"Lahaula! Maiti huachwa apumzike. Suuza sasa hivi, kisha umwombe mama yako radhi."

Akamsogezea chupa ya maji. Kwenye kioo mdundo ukaenda mbio, kama wa mtu aliyesikia hatua mlangoni.

Kidawa akaifunga chupa, akafuta hesabu zake zote, akaanza upya kuuandikia hesabu ule mdundo.

"Simwombi radhi," alisema. "Wala wewe sikuombi."