Waya wa Shaba

Mzee Januarius alikomea mlango, akafunga na dirisha. Joto lote la Kasoli likabaki mle ndani pamoja nao.

"Kaa, Ngassa. Fimbo umekuja nayo?"

Ngassa aliilaza mezani fimbo yake ya pool, kando ya wembe mpya uliokuwa bado kwenye karatasi yake. Ilikuwa fimbo kongwe, yenye mapambo ya mpingo yaliyochongoka, yaliyopachikwa kwenye mti mweupe. Aliiokota imevunjika kwenye jalala la kiwanda cha pamba, akaiunga kwa gundi na kuizungushia waya wa shaba. Soko huria lilipoleta meza za pool Bariadi, ndiyo iliyompa ushindi kila jioni. Alipoanza kuchonga fimbo za kuuza, ndiyo pia aliyoitumia kwa vipimo: unene ule, uzito ule, mapambo yale yale.

Na waya. Wateja hawakutaka fimbo isiyo na waya. Walinong'ona kwamba dawa ya Ngassa imo humo, naye, mjinga wa kujitakia, akanyamaza kwa kuwa biashara ilichangamka. Kunyamaza nako ni kukubali. Sasa uvumi umefika ukweni, na mzee huyu, baba wa mchumba wake Milembe, ni katekista!

"Watu wanasema mengi," mzee alisema, sauti chini. "Kabla sijakupa binti yangu, nataka nione kwa macho yangu kilichomo."

Ngassa alikosa pa kutokea. Akiufungua ule waya, fimbo imekwisha, na ushindi umekwisha. Asipoufungua, yeye ni mchawi, na Milembe ndiyo basi tena. Alimpenda Milembe mpaka chakula hakipiti.

"Baba, nikifungua, haitafaa tena."

"Fungua. Hata kidogo kitatosha."

Mzee alikuwa akitokwa na jasho. Alifungua vifungo vya shati, akakunja mkono mmoja hadi juu ya kiwiko.

Ngassa alitoa koleo mfukoni, akaukata waya. Fimbo ikaachana vipande viwili. Alimsukumia mzee vyote, roho ikimuuma, lakini kifua kimekuwa chepesi.

"Umeona, baba? Ni mti na gundi tu. Sijawahi kuweka kitu. Mikono yangu ni safi."

Mzee alichungulia kipande kimoja, akachungulia cha pili. Akapitisha kidole penye ufa, akakinusa.

"Yaani hamna dawa?"

"Hamna, naapa mbele ya Mungu."

Mzee aliuchukua ule wembe, akautia mfukoni ukiwa bado kwenye karatasi yake.

"Mimi nimejiandaa unichanje hiyo dawa," alisema, akishusha mkono wa shati, "kumbe wewe huna hata ya kujikinga mwenyewe. Binti yangu nimpe mtu mtupu namna hii?"