Wageni wa Mama Zena

Jumamosi ile mjinga alikuwa Nikolao, na ukimuuliza atakubali mwenyewe, mradi usimuulize mbele ya mkewe.

Ujinga wenyewe ulianza Ijumaa jioni, uwanjani kwa Mama Zena, nje kidogo ya Newala. Nikolao alisimama kofia mkononi, akibembeleza. Wazungu watatu wa bandari mpya ya Mtwara walikuwa wanapanda kesho yake na landrova kuja kuona ndonya, kile kipande cha mpingo ambacho mama wa Kimakonde wa zamani walikivaa kwenye mdomo wa juu. Mtaani aliyebaki nacho ni Mama Zena peke yake.

"Ni kukaa tu, mama. Wanapiga picha, wanaondoka."

"Shikamoo umeiacha kwako?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Anjelina. Sikai. Zena kajifungua juzi, mtungi umekauka, na wewe unataka unisimamishe kama mbuzi wa mnada."

Hapo alikuwa na haki. Mvua ilikuwa bado, na huku juu maji ni kuteremka genge alfajiri na kulipanda tena na mtungi kichwani. Nyumba yenye mzazi hailali bila maji.

Lakini Nikolao naye alikuwa na lake. Kwa kufuata maneno yake, nusu ya mtaa walikuwa wameacha mihogo imezwe na majani, wakakaa kuchonga vinyago vya kuwauzia Wazungu. Wageni wakikosa ndonya, watahamia kijiji kingine, na hao wachongaji watamjia yeye.

"Mimi nimekaa Unguja," alisema. "Meli ya wageni ikitia nanga, mji mzima unakula. Isipotia, hata muuza njugu analala na njaa. Na sisi ni kisiwa vilevile, mama, ila tumezungukwa na bonde badala ya bahari. Bila wageni hatuna kitu."

"Basi hao wa Unguja wamejifunga kwenye mkia wa meli. Mimi usinifunge."

Alishika ufagio, akafagia kidogo, akasimama.

"Yule mnene wa mwaka jana, uliyetusimulia habari zake mpaka tukachoka, yumo?"

"Yumo."

"Walete. Lakini wakae hapa uwanjani, si barazani. Na chakula chao wale hapahapa."

Nikolao alifurahi hata akasahau kuuliza kwa nini. Alipokuwa anatoka, Mama Zena alikuwa anamwita Majaliwa, kaka yake mwenyewe, amtume bondeni. Maji, Nikolao akawaza, na akaenda zake kuazima viti kwa mwalimu Ambrosi.

Wageni walifika jua likiwa utosini: bwana, mkewe, na yule mnene. Wakakaa. Hawajapumua vizuri, watu wakaanza kutokeza njiani, wake kwa waume, wenye madebe na wenye mitungi. Walimimina maji kwenye pipa la Mama Zena, kisha wakaketi chini kwa safu, kimya, kama wako ibadani.

"Wamekuja kumpa hongera mzazi," Nikolao aliwaeleza wageni kwa Kiingereza chake cha Unguja. "Ndiyo desturi yetu."

Wageni waliona ni desturi nzuri sana. Wakapiga picha madebe.

Mama Zena alikuwa mlangoni, kanga imefunika mdomo hadi puani. Kila kamera ilipoinuliwa, na kanga ilipanda.

"Mama, teremsha kidogo."

"Wale kwanza. Mgeni mwenye njaa haoni vizuri. Na mwambie huyo mnene avue kofia, asije akaungua ubongo."

Kofia ikavuliwa. Kichwa kilikuwa chekundu kama bibo lililoiva. Safu za mbele zilisogea mbele. Kopo la samaki likafunguliwa, uma zikatoka, na hakuna aliyekohoa mpaka kopo lilipokwisha. Bibi wa Kizungu alipofungua nywele kuzichana, uwanja mzima ulivuta pumzi.

Kisha yule mnene aligeuka pembeni, akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yote ya juu, akayasuuza kwa maji ya chupa yake, akayarudisha. Mama mmoja alimshika jirani yake mkono. Huko nyuma mtu alinung'unika kwamba hakuona.

"Mwambie samaki bado amenasa," alisema Mama Zena.

Nikolao akamwambia. Yule mnene, mstaarabu, akayatoa tena.

Jua lilipopinda, kanga ilikuwa bado puani. Wageni walipanda landrova yao wamenuna, kinyago hata kimoja hawakununua. Watu nao walijikung'uta wakaondoka na madebe matupu, wakibishana njia nzima.

Nikolao alingoja vumbi litue.

"Umetuua, mama. Kesho wachongaji watanitafuna mimi. Na wewe umepata nini? Kama watu wasingemwonea huruma Zena, leo usingekuwa na tone. Umegoma, haya, umebaki na nini? Nakwambia tena, nchi hii bila wageni si kitu."

Mama Zena aliteremsha kanga. Alilifunika pipa, lililojaa pomoni, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

"Tangu lini, Baba Anjelina, mtu wa Newala akaleta hongera kabla mtoto hajatolewa nje? Zena yumo ndani na mwanawe, hakuna aliyemuulizia. Hao ni wa bondeni. Maji wanayo, Mzungu hawajamwona. Debe moja kumtazama akila, mawili akitoa meno. Jumamosi ijayo wanakuja wa ng'ambo ya mto, kwa hiyo acha kelele ukamtafute yule mnene."