Kisima Namba Tisa

Mwaka mzima Tunu alifunika kisima chake kwa bati. Watafiti walichota maji ya kila kisima mtaani, wakaandika namba ukutani, wakaenda zao. Majibu yakatoka mtandaoni, lakini yakafungiwa kwa mwaka mmoja, ayasome anayelipa tu. Yeye akaogopea wanawe, akawa anachota kwa jirani yake Mama Sikitu, ambaye kisima chake alikiamini zaidi.

Leo muda wa kuyafungia ulikwisha. Sheria ilisema utafiti uliolipiwa na wananchi, wananchi wausome bure. Maktaba ilifurika watu.

"Bonyeza basi, kaka, au mpaka tukupikie pilau?" Mama Sikitu alimtania mkutubi. Watu wakacheka.

"Nimebonyeza. Imefunguka."

Moyo ulimdunda Tunu kama ngoma ya harusi. Alikimbiza kidole kwenye jedwali mpaka kwenye tisa, namba ya kisima chake.

"Salama," alisoma. Akarudia kwa sauti kubwa, mpaka akajishangaa. "Jamani, ni salama!"

Vigelegele vikapigwa. Mama Sikitu akamkumbatia kwa nyuma, kidevu begani.

"Haya shoga, na changu je? Nisomee namba nne."

Tunu akaanza kupandisha kidole, safari hii polepole, na watu wote wakainama naye.