Nyaya Zilizorefushwa

"Marehemu mume wangu ndiye aliyeliharibu," Bi Zaituni alimwambia fundi. "Kila Ijumaa alikuwa akilichezea tu hili gari."

Taa ya injini ilikuwa ikiwaka tangu juzi, na gari likizimika njiani na samaki wake wa biashara ndani. Fundi Mshamu aliipima sensa ya injini, akaikuta nzima. Akainua zulia la mbele upande wa abiria, atazame waya unavyoingia kwenye kontroli boksi, ule ubongo wa injini. Boksi halikuwepo; pale palikuwa na matundu ya skrubu tu.

"Si nilikwambia?" alisema Bi Zaituni.

Fundi alizifuata nyaya kwa vidole hadi juu, nyuma ya dashibodi. Boksi lilikuwa limefungwa huko, kavu kabisa. Kila waya ulikuwa umeongezwa kipande, ukalehemiwa, ukavishwa mpira. Uliokatika ulikuwa mmoja tu, karibu na injini, umetafunwa na panya.

"Huyu hakuchezea, mama. Alilihamisha boksi. Hapa chini pameliwa na maji ya chumvi. Mlikuwa mnaweka nini?"

Bi Zaituni aliitazama sakafu ile. Ndoo zake za samaki na barafu zilikaa pale miaka yote, na mumewe hakumwambia hata mara moja aziondoe. Bi Zaituni mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni: acha kuchezea, wali unapoa.

Fundi aliunga waya, taa ikazimika. Bi Zaituni aliinyanyua ndoo yake, akasimama nayo kando ya gari, maji ya barafu yakimchuruzika miguuni, asijue aiweke wapi.