Pampu Inayojizima

Pampu ya maji ya mji ilikuwa ikijizima ovyo, na chumbani mwake hamkuwa na intaneti. Mwanaidi, fundi wa programu, akafungasha zana ya kusaka hitilafu katika faili moja la kusakinisha, pamoja na lugha ya kuiandikia maagizo.

"Lugha ya nini? Unaliongezea faili uzito bure," alisema Shomari, mwenzake.

"Bila lugha tutaihoji vipi?"

Walipokwisha kuisakinisha kwenye kompyuta inayoendesha pampu, Mwanaidi aliiagiza zana ionyeshe amri ya kuzima inatoka wapi. Punde mngurumo wa pampu ukakatika, mstari mmoja ukawaka kwenye skrini.

"Pampu inaamini tangi limejaa!" alisema Mwanaidi.

Akapanda ngazi, akafunua tangi. Maji yalikuwa chini kabisa, lakini boya la kupimia maji lilikuwa limekwama juu ya kiota cha ndege kilichojengwa kwenye tundu la hewa, na makinda yakampanulia midomo.

"Umeona nini?" Shomari aliita kutoka chini.

"Makinda," alijibu Mwanaidi, bado ameshika mfuniko. "Nikilishusha boya, kiota kitaanguka majini."